Nani Alikwambia Chilson Alifukuzwa?



Toleo lililopita lilikuwa tamu, sisemi uongo. Nimelisoma lote nikiwa maabara nikingoja vipimo vyangu vitulie. Lakini nilipofika ukurasa wa watu wa zamani nikakuta wasifu mfupi wa Arthur Chilson, mmoja wa viongozi wa kwanza wa Marafiki, wale ambao wengi mnawaita Quaker, kule kwetu magharibi mwa Kenya. Nikafurahi kuona Kaimosi imetajwa katika gazeti la Durban. Halafu nikasoma mara ya pili, furaha ikaingia mchanga.

Dada aliyeandika simjui, na nia yake naiona ni njema. Lakini ameandika mambo matatu. Moja, kwamba Chilson alifika Kenya mwaka 1895. Mbili, kwamba mwaka 1927 alifukuzwa Kaimosi kwa sababu alianzisha dini ya Roho. Tatu, kwamba alifia hapohapo Kaimosi. Hebu ona: mtu amefukuzwa mahali, kisha akafia palepale! Hata kabla ya kufungua kitabu chochote, mambo mawili kati ya hayo matatu yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kwani hakuna aliyesoma kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa?

Mtauliza mtu wa uhandisi anatafuta nini katika mambo ya wamisionari. Niliingilia mlango wa pembeni. Tasnifu yangu ni ya mitambo midogo ya umeme wa maji, ile ya kuwekwa kwenye vijito vya vijijini. Nikiwa nasoma habari za maporomoko ya kwetu nikakutana na Chilson, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa fundi wa misheni. Jina lenyewe la misheni lilikuwa Friends Africa Industrial Mission, yaani misheni ya viwanda, na nia yao ilikuwa watu wasali na pia wafanye kazi ya mikono. Pale mto Goli Goli wakajenga kinu cha kupasua mbao kinachozungushwa na maji. Nilitaka kujua mwaka kilipoanza kuzunguka na ukubwa wa gurudumu lake, basi. Nikapiga simu nyumbani kwa wazee watatu, kila mzee akanipa mwaka wake, na kila mmoja akaapa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeingia porini.

Haya, tuanze na la 1895, maana hilo ni jepesi. Aliyekuja mwaka huo ni Willis Hotchkiss. Alikuja na kundi la Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, wakaenda Ukambani. Scott akafa Desemba 1896, wenzake wengine wakafa au wakarudi kwao, na Hotchkiss naye baadaye akarudi Marekani. Huko ndiko alikowapata vijana wa kumfuata, na mwaka 1902 wakaja watatu: Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Walishuka Mombasa, wakapanda reli ambayo ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901 tu, yaani bado inanuka rangi, na tarehe 17 Agosti 1902 wakafika Kaimosi. Tarehe hiyo kwetu mtoto wa Sunday school anaijua kama jina la mama yake. Kwa hiyo mwandishi wetu amechukua mwaka wa Hotchkiss akamvika Chilson. Hotchkiss mwenyewe hakukaa sana na wenzake. Alikwenda kuanzisha kazi yake Lumbwa. Chilson ndiye aliyebaki zaidi ya miaka ishirini. Ukiwachanganya hawa wawili, umemnyang'anya mmoja safari yake na mwingine uvumilivu wake.

Sasa la 1927. Hapa naomba tukae.

Kwa wasiojua: mwaka 1927 palitokea uamsho mkubwa Kaimosi. Chilson alihubiri juu ya kutubu dhambi hadharani na kumpokea Roho Mtakatifu. Waliosikia walilia, wakatubu, wengine wakatetemeka na kunena kwa lugha. Muda si mrefu Chilson akaondoka kwenda likizo kwao. Uongozi wa misheni uliobaki, pamoja na wazee wengi wa kanisa, ukaona mambo yamepita kiasi, ukakataza. Waliokataa kukatazwa wakatengwa, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo mpaka leo yapo. Ukipita Vihiga au Kakamega siku ya ibada utawaona, vilemba vyeupe na msalaba mwekundu.

Hii kwetu si hadithi ya vitabuni. Baba wa babu yangu alibaki na Marafiki. Ndugu yake, tumbo moja, akaenda na Roho. Mashamba yao yanapakana, mpaka ni mstari wa miti tu, lakini kwa miaka mingi watu wa nyumba hizi mbili hawakula sahani moja. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikatazwa kwenda kucheza ule upande siku za Jumapili. Na ukiuliza sababu, kila upande unamtaja mzungu huyohuyo. Upande wa Roho wanasema: Chilson ndiye aliyetufundisha, ndiyo maana wenzake wakamfukuza. Upande wetu wanasema: Chilson hakufundisha hayo, nyinyi ndio mlisikia vibaya, na yeye alikwenda likizo tu. Marehemu ametumika kama shahidi wa pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kumwita mahakamani.

Ndiyo maana neno "alifukuzwa" lilinichoma. Mwandishi wetu labda aliliona ni neno la kawaida, linaloipa habari chumvi kidogo. Hajui kwamba kwetu neno hilo ni upande. Ukiliandika, umeshahukumu kesi ya karibu miaka mia moja, na umehukumu ukiwa Durban.

Mimi sisemi kwamba wakubwa wa misheni walimpenda Chilson wakamwombea arudi upesi. Hakurudi tena Kaimosi, na hilo lina maana yake. Lakini kati ya "alikwenda likizo, hakurudi" na "alifukuzwa" kuna mto, na mto hauvukwi kwa kuruka. Anayesema alifukuzwa atuonyeshe barua, au kumbukumbu za kikao, zenye tarehe na saini. Wamisionari hawa walikuwa watu wa kuandika jamani! Kila kikao kiliandikwa, kila senti ya misumari iliandikwa. Karatasi nyingi ziko Marekani, kwenye chuo cha Earlham kilichoko Richmond, Indiana, ambako Marafiki wamehifadhi mambo yao. Mtu ukiandika barua pepe ya heshima, watu wa maktaba hujibu.

Na vitabu viko. Mke wake, Edna Chilson, aliandika maisha ya mumewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1943, Ambassador of the King. Lakini hapa pia tuwe macho. Mjane humwandika mumewe kama mjane. Hutegemei akuletee aibu za nyumba. Yupo pia mtafiti wa Denmark, Ane Marie Bak Rasmussen, aliyeandika kitabu kizima juu ya historia ya Marafiki wa Afrika, mwaka 1995, na kingine mwaka uliofuata juu ya makanisa ya Roho. Huyu alikuja akakaa na wazee, akasikiliza pande zote. Wasifu wa ukurasa mmoja haukuhitaji zaidi ya hivyo viwili na simu moja ya kwenda Kaimosi.

Katika kazi yetu ya uhandisi, kipimo kisichokuwa na kiwango chake cha kukosea si kipimo. Ukiniambia ekseli ni milimita 20, nitakuuliza kujumlisha au kutoa ngapi. Ukisema sifuri nukta moja, tunaelewana, nitachonga. Ukisema "ni ishirini, niamini", nitakurudishia mchoro wako. Sijui kwa nini tukifika kwenye historia tunaona haya kuandika "yapata" au "inasemekana upande fulani". Tunaona kama ni udhaifu. Kumbe anayeandika tarehe kamili ya jambo ambalo hakulihakiki ndiye anayetuchongea ekseli isiyoingia.

La tatu, kifo. Hapa sina budi kukiri kwamba na mimi nilikuwa gizani. Nilikua nikidhani Chilson kazi yake iliishia 1927, akazeekea Marekani, basi. Baada ya gazeti kutoka nilikuwa nimekaa na jamaa mmoja wa Burundi, tunakula, namlalamikia habari hii. Akanitazama.

"Chilson gani? Arthur?"

"Ndiyo, wa Kaimosi."

"Kaka, huyo si wa Kaimosi. Huyo ni wa Kibimba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao kila Mrafiki anajua: mwaka 1934 Arthur na Edna Chilson, wakiwa wametumwa na Marafiki wa Kansas, waliingia Burundi, wakati huo Urundi ya Wabelgiji, wakachukua kituo cha Kibimba kilichoachwa na wamisionari wa Kijerumani wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Wakaanza upya, matofali na yote. Na huko Burundi ndiko alikofia, mwaka 1939. Mtu aliyekuwa amepita miaka 60, aliyekwisha kutumia ujana wake wote Kaimosi, akarudi Afrika kuanza tena sifuri. Mimi Mkenya sikuwahi kuambiwa hilo kanisani hata siku moja. Na yule jamaa naye hakuwahi kusikia kinu cha Goli Goli wala ugomvi wa 1927. Kwao Chilson anaanza 1934, kwetu anaishia 1927. Kila nchi ilikuwa imeshika nusu ya mtu, ikadhani ni mtu mzima.

Aliponitajia Kibimba sikumwuliza zaidi, kwa sababu jina hilo lina jambo jingine. Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, wanafunzi wa pale walichomwa moto wakiwa hai, na mnara wa kumbukumbu upo kando ya barabara. Alisema tu kwamba mahali hapo kila neno hupimwa kabla ya kusemwa. Tukaendelea kula.

Niongeze jambo dogo la tarehe, maana anayetaka kuhakiki habari za Marafiki litamkwaza. Tangu zamani Marafiki hawakupenda majina ya miezi yenye miungu ya Warumi, wakahesabu: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Sisi Waswahili hapo tuko nyumbani, si ndivyo tunavyosema? Lakini kuna mtego. George Fox, mwanzilishi wao, alifariki London tarehe 13 Januari 1691. Marafiki wenzake waliandika tarehe 13, mwezi wa kumi na moja, mwaka 1690. Hawakukosea. Uingereza ya wakati huo mwaka ulianza Machi, kwa hiyo Januari ilikuwa mwezi wa kumi na moja wa mwaka ambao bado haujaisha. Mwaka 1752 wakabadilisha kalenda, na tangu hapo mwezi wa kwanza wa Marafiki ni Januari kama wetu. Sasa mtu akikuta "mwezi wa kumi na moja" katika barua ya 1690 aandike Januari, na akikuta hivyohivyo katika barua ya Kaimosi ya 1905 aandike Novemba. Na huyo Fox, kiongozi wa watu wanaoandika kila kitu, siku yake ya kuzaliwa haijulikani. Ni Julai 1624, hapo basi. Vitabu vyote vyenye heshima vinaandika "Julai 1624" vinanyamaza, na hakuna aliyemdharau Fox kwa hilo.

Nataja hili kwa sababu tuna tabia ya kuona aibu kwa wazee wetu kutokuwa na tarehe. Nyanya yangu alizaliwa wakati wa dhahabu ya Kakamega. Dhahabu ilionekana 1931, wachimbaji wakafurika mwaka uliofuata, kwa hiyo nyanya ni wa 1931 au 1932. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1930, kwa sababu karani alitaka kujaza kisanduku. Niambie, kipi ni kweli zaidi, dhahabu au kisanduku? Na wangapi humu jumuiyani wana pasi zenye tarehe 1 Januari au 1 Julai? Nyosheni mikono. Wale waongofu wa kwanza wa Kaimosi, kina Daudi Lung'aho, Maria Maraga na Yohana Amugune, tarehe zao za kuzaliwa hazikuandikwa na mtu. Lakini walikuwa na rika la tohara, na rika lina miaka. Walioa kabla au baada ya reli. Ukiuliza kwa namna hiyo utapata mwaka wenye kujumlisha au kutoa mbili, na hiyo ni hesabu nzuri kabisa.

Hapa Natal tunaye shahidi mkubwa. Albert Luthuli, katika kitabu chake cha 1962, hakudai siku ya kuzaliwa. Alipiga hesabu mwenyewe akafikia kwamba ni yapata 1898. Mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani anaandika "kwa hesabu zangu", na sisi wasifu wa ukurasa mmoja tunaona taabu!

Na huyohuyo Luthuli tazameni kifo chake. Groutville si mbali, tunapita hapo tukienda Richards Bay. Tarehe 21 Julai 1967 alikutwa ameumia kando ya reli, na uchunguzi wa mwaka huohuo ukasema amegongwa na treni. Ikaandikwa hivyo, vitabu vikanakili, walimu wakafundisha. Familia ikasema hapana, miaka ikapita. Mwaka 2025 mahakama kuu ya Pietermaritzburg ikaifungua upya kesi hiyo. Walioitwa kutoa ushahidi si wanasiasa tu. Aliitwa hata mtaalamu wa treni za mvuke aeleze mwili uliogongwa na injini ya namna ile unavyokuwa. Oktoba 2025 jaji akaamua kwamba hakugongwa na treni, alipigwa, na polisi wa usalama walihusika. Miaka 58 sentensi moja ya uongo ilikaa kwenye vitabu ikiwa imevaa tai. Mimi nilimsikiliza yule mtu wa treni kwenye habari nikajisemea, huyu ni mwenzetu.

Sisemi habari ya Chilson ina uzito wa ile. Chilson hakuuawa na mtu. Lakini namna ya kuhakiki ni ileile: nani alisema, alikuwa wapi, aliandika lini, na anapata nini tukimwamini. Upande wa Roho wanapata mwalimu mzungu wa kuwatetea. Upande wetu tunapata usafi. Mjane anapata mume asiye na doa. Na mwandishi wa gazeti anapata sentensi yenye chumvi.

Kwa hiyo Mhariri, ninaomba toleo lijalo litoe masahihisho, na yasiwe kwenye kona ya chini karibu na tangazo la kusuka nywele. Naomba yasomeke hivi: Arthur Chilson alifika Kaimosi pamoja na Hotchkiss na Hole tarehe 17 Agosti 1902. Mwaka 1927 alihubiri katika uamsho uliozaa makanisa ya Roho, kisha akaondoka likizo na hakurudi Kaimosi; pande mbili za waumini zinaeleza sababu tofauti. Mwaka 1934 alianzisha kazi ya Marafiki Kibimba, Burundi, na alifariki nchini humo mwaka 1939. Ni sentensi tatu tu. Dada aliyeandika akitaka, tukae tuandike pamoja wasifu mrefu, na yule jamaa wa Burundi amekubali kuleta nusu yake.

Mimi naenda nyumbani Desemba. Nimempigia nyanya kumwambia nitavuka ile miti kwenda kumwona mzee wa upande wa Roho, aliyebaki peke yake katika rika lake, nimrekodi kwa simu anachokumbuka kuambiwa na babake. Nyanya alinyamaza kidogo. Kisha akasema nisiende mikono mitupu, nibebe sukari, na nikifika nimsalimie.